Herufi moja iliyomkosesha mama usingizi

Kuna kazi moja ambayo watu wa mtaani mwetu hapa Kitale hunipa bila malipo: kuandika wasifu wa marehemu. Ati kwa kuwa naandika gazetini, basi najua kupanga maneno. Sikatai. Leo ni kwao, kesho ni kwangu.

Si miezi mingi iliyopita, wakati watu walipokuwa wakivuna mahindi, jirani yangu mmoja alifiwa na mamake mzazi upande wa Bungoma. Mazishi yalipangwa kuwa Jumamosi. Siku ya Jumatano jioni mama huyo alikuja kwangu akiwa na kitambaa kichwani na daftari la mtoto wa shule mkononi. Humo alikuwa ameandika mambo yote ya marehemu: mwaka aliozaliwa, kanisa alilobatizwa, watoto aliowazaa, waliotangulia mbele ya haki, na wajukuu.

Tulienda vizuri hadi tukafika kwenye wajukuu. Alisoma majina manne, akanyamaza. Niliinua macho nikamwona anafuta machozi kwa ncha ya leso. Nilidhani ni uchungu wa mama. Kumbe la.

"Mwanangu," aliniambia, "hapa ndipo sijui uandike nini."

Jambo lililomtatiza mama huyo lilikuwa herufi moja tu. Yeye na mtoto wake wameniruhusu nilisimulie, mradi nisiwataje. Kwa hivyo nitatumia jina la mvua.

Wasomaji wa Bungoma wanajua ninachosema, lakini wa Mombasa na Machakos hawana budi kuelezwa. Miongoni mwa Wabukusu, mtoto aghalabu hupewa jina la msimu aliozaliwa. Akizaliwa wakati wa mvua, mvulana ni Wafula na msichana ni Nafula. Wakati wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wakati wa njaa ni Wanjala na Nanjala. Wakati wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu. Msimu ni ule ule na mzizi wa jina ni ule ule. Mwanzo wa jina ndio unaosema kama huyu ni mume au mke.

Kifungua mimba wa jirani yangu alizaliwa siku ya mvua kubwa, akaitwa Wafula. Na kama ilivyo desturi yetu, tangu siku hiyo mama mtu alipoteza jina lake mwenyewe. Sokoni, kanisani na katika chama cha akina mama, yeye ni Mama Wafula.

Mtoto huyo sasa ni mtu mzima anayekaribia miaka 30. Kwa muda wa miaka minne hivi amekuwa akiishi kama mwanamke. Amesuka nywele, anavaa rinda, na marafiki zake humwita Nafula. Bibi yake, yaani huyo marehemu, alimwona mara nyingi akiwa hivyo, kwani ndiye mjukuu aliyemwogesha na kumpikia uji katika mwaka wake wa mwisho. Kukhu alikuwa akimwita Nafula. Watu wa nyumbani walisema ni uzee. Mimi sikuwapo, siwezi kuamua.

Sasa kijitabu cha mazishi kilikuwa kitachapishwa nakala mia tatu. Kila aliyekuja angekisoma. Je, kiandike W au N?

*Si mzaha, si ushetani*

Kabla ya kuendelea, hebu tuelewane kuhusu tunaozungumzia, kwani hapa ndipo watu wengi huchanganya mchele na mawe.

Kuna watu wanaozaliwa wakiwa na maumbile yasiyokuwa ya kiume kikamilifu wala ya kike kikamilifu. Hao huitwa huntha. Sensa yetu ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza na kupata watu 1,524 nchini kote. Kisha kuna watu kama mtoto wa jirani yangu, ambao maumbile yao hayakuwa na utata siku waliyozaliwa, lakini nafsi zao huwaambia kwamba wao si vile wanavyoitwa. Siku hizi huitwa transjenda. Na kuna wengine ambao hawajioni kuwa waume wala wake.

Watu hao wa mwisho huwapa Waingereza na Wamarekani kazi kubwa, maana Kiingereza kwa kawaida husema kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili chetu hakina taabu hiyo. Yeye ni yeye. Mtoto ni mtoto, ndugu ni ndugu, mpwa ni mpwa, mjukuu ni mjukuu. Wazee wetu waliotuachia lugha hii walituachia nafasi kubwa ya kumheshimu mtu kabla ya kumuuliza maswali.

Je, huu ni ugonjwa wa akili? Kwa miaka mingi madaktari waliuweka katika orodha hiyo. Lakini mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo jambo hili liliondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya mahusiano ya kimwili, ili mtu asiitwe kichaa na hata hivyo aweze kuhudumiwa na daktari.

Nilimuuliza Nafula mwenyewe alianza lini kujijua. Alicheka. "Dada, wewe ulianza lini kujijua kuwa mwanamke?" Sikuwa na jibu.

*Safari yenye njia tatu*

Watu wengi wakisikia "kubadili jinsia" hufikiria kisu cha daktari tu. Kumbe safari hii ina njia tatu, na si kila msafiri huzipita zote.

Ya kwanza ni ya nyumbani na mtaani: jina, mavazi, nywele, namna unavyoitwa. Haigharimu pesa nyingi, lakini ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu haiko mikononi mwako. Unaweza kujiita Nafula mchana kutwa. Ikiwa mamako anakuita Wafula, siku nzima imeharibika.

Ya pili ni ya hospitalini. Kuna wanaotumia homoni. Aliyezaliwa na mwili wa kiume akipewa estrojeni, ngozi hulainika, misuli hupungua, na matiti huota polepole kwa muda wa miaka 2 au 3. Lakini sauti haigeuki kuwa nyembamba, wala ndevu hazitoweki zote. Aliyezaliwa na mwili wa kike akipewa testosteroni, ndevu huota, hedhi aghalabu hukoma, na sauti huwa nzito. Sauti hiyo ikishakuwa nzito hairudi, hata dawa zikikomeshwa. Uwezo wa kupata mtoto pia huweza kupungua. Haya si mambo ya kukimbilia, na ndiyo maana daktari hupima damu kabla na baada ya kuanza dawa.

Hapa nina onyo. Kwa kuwa huduma hii ni adimu na ghali, kuna vijana wanaonunua tembe za kupanga uzazi dukani na kumeza nyingi kwa siku. Jambo hilo ni la hatari. Tembe hizo zikizidi zinaweza kugandisha damu miguuni au mapafuni, na mtu akafa. Nafula alikiri kwamba aliwahi kufanya hivyo kwa miezi mitano kabla hajampata daktari wa kumsikiliza. Nilimuuliza kwa nini hakwenda hospitalini mapema. Akasema kwamba alikwenda, na karani wa mapokezi aliita jina lililokuwa kwenye kadi kwa sauti ya juu, mara tatu, huku watu wote kwenye benchi wakigeuka. Aliondoka bila kutibiwa.

Hilo latufikisha kwenye njia ya tatu, nayo ni ya karatasi.

*Karatasi na mahakama*

Mkenya yeyote mtu mzima anaweza kubadili jina lake. Unamwona wakili, unatia sahihi hati ya kubadili jina, inasajiliwa, na tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Lakini jina likishabadilika kuna vyeti vya shule, na kuna kitambulisho ambacho kimeandikwa jinsia. Kubadili jina ni kilima. Kubadili ile alama ya jinsia ni mlima.

Aliyeupanda mlima huo mbele ya macho ya taifa zima ni Audrey Mbugua. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu na kupata alama ya A-. Hiyo si alama ya mchezo. Lakini cheti chake kilikuwa na jina la kiume na alama ya jinsia ya kiume, na yeye akawa anaishi kama mwanamke. Kila alipoomba kazi, mwajiri alitazama cheti, akamtazama mtu, akaona havifanani. Baraza la Mitihani lilikataa kubadilisha. Akaenda mahakamani.

Mnamo Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliliamuru baraza hilo litoe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisichokuwa na alama ya jinsia, katika muda wa siku 45. Sababu yake hata mtoto wa darasa la sita angeielewa: alama za mtihani hupatikana kwa akili ya mtahiniwa, si kwa jinsia yake. Ukiiondoa alama hiyo, cheti hakipungui thamani.

Miezi michache kabla ya hapo, Julai 2014, Jaji George Odunga alikuwa ameamuru kusajiliwa kwa shirika la Transgender Education and Advocacy, ambalo Mbugua alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, baada ya bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali kulikatalia.

Lakini kuna kesi iliyotokea karibu nasi zaidi. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kilomita 70 hivi. Huko, mwaka 2019, mwanamke mmoja transjenda alikamatwa. Alivuliwa nguo na kupekuliwa, kisha akapelekwa hospitalini kupimwa mwili na damu ili ijulikane yeye ni nani hasa, bila ridhaa yake. Mahakama ililificha jina lake kwa herufi mbili. Agosti 2025, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret aliamua kwamba utu wake na faragha yake vilikiukwa. Alimpa fidia ya Sh1 milioni, na akaitaka serikali itunge sheria ya kulinda haki za watu transjenda, au iurekebishe mswada wa watu huntha wa mwaka 2024 ili nao wahifadhiwe humo.

Nilipomsomea Nafula habari hiyo, hakushangilia kama nilivyotarajia. Yeye ana cheti cha uhasibu. Amewahi kuitwa kwa mahojiano katika duka moja la pembejeo, akasifiwa, kisha alipotoa vyeti akaambiwa arudi Jumatatu. Aliporudi Jumatatu mlinzi alikuwa ameshaambiwa asimfungulie. Sasa anawaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo, ambao hawaulizi vyeti, na ambao pia hawalipi vizuri.

"Korti zifanye kazi yake," aliniambia. "Lakini mimi namngoja jaji mmoja tu, na huyo hukaa nyumba moja nami."

*Mjomba na nyama ya kidari*

Turudi kwa mama na daftari lake.

Hofu ya kwanza ya Mama Wafula ilikuwa ni kaka yake, mkuu wa boma lile. Naye alikuwa na hoja nzito. Mwezi wa Agosti mwaka 2010, kijana huyo alitahiriwa. Wasiojua na wajue kwamba tohara ya Wabukusu hufanywa Agosti ya kila mwaka wa shufwa, 2010, 2012, hadi 2024 na kuendelea. Kijana huzunguka akipiga njuga kuwaalika jamaa, na huenda kwa mjomba wake wa kuukeni, ambaye humvika kipande cha nyama ya kidari. Alfajiri hupakwa matope mtoni, akarudi nyumbani akiimbiwa, akasimama wima mbele ya halaiki. Akipepesa jicho, ameaibisha ukoo.

Kijana yule hakupepesa.

"Nyama ile nilimvika kwa mikono yangu," mjomba alisema kwa simu, sauti yake ikisikika chumba kizima. "Nilimwona akisimama. Sasa mwaniambia nini?"

Nafula, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliomba simu. Alimwamkia kwa heshima, akamwita khocha. Kisha akasema, "Ni kweli nilisimama. Nilikuwa na miaka 14 na niliogopa kuwaaibisha. Ile nyama siirudishi, na ule ujasiri siurudishi. Huo ujasiri ndio unaonitembeza mjini nikiwa nimevaa hivi."

Mjomba alikata simu.

Hofu ya pili ilikuwa ya mama mwenyewe, nayo aliitoa usiku ulipokuwa umekwenda. Ilikuwa ndogo na ilikuwa kubwa. "Nikiandika Nafula," alisema, "mimi nitakuwa nani? Miaka yote hii watu wananiita Mama Wafula. Ni kama nimfukie mtoto wangu siku moja na mama yangu."

Wazazi wenzangu, hapa ndipo pa kutua. Tunapozungumza juu ya watoto wa namna hii, tunaharakisha kuuliza: ni dhambi? Ni Uzungu? Nani alimharibu? Mama huyu tayari alikuwa ameambiwa kanisani kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba alimlea kwa makusudi awe hivyo. Ni wachache wanaomuuliza mzazi: umepoteza nini, na kipi kimebaki? Mzazi naye ana msiba wake, na msiba usiopewa nafasi ya kuliliwa hugeuka hasira.

Lakini msiba wa mzazi usimzike mtoto aliye hai. Watafiti waliowafuatilia vijana wa namna hii katika nchi mbalimbali wamekuta jambo moja likijirudia: wale ambao wazazi wao huwakubali hufikiria kujiua mara chache kuliko wale wanaofukuzwa nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtoto anapokwambia kinamwuma, mwamini kwanza, maswali yatafuata.

Sikumwambia mama aandike nini. Si kazi yangu. Nilimuuliza swali moja tu: siku aliyozaliwa, mvua ilikuwaje?

Alinieleza kwa muda mrefu. Maji yaliingia mpaka kizingitini. Mkunga alichelewa kwa sababu mto ulikuwa umefurika. Kukhu ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake na kumfunga katika shuka. Alipomaliza kusimulia alinyamaza kidogo.

"Mvua haikujua ni mvulana au msichana," alisema. "Ilinyesha tu." Kisha akanisukumia daftari. "Andika N."

*Jumamosi ilivyokuwa*

Tulipanda matatu alfajiri, tukapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma. Njia nzima mama alikuwa ameshika bahasha yenye vile vijitabu mia tatu kama mtu aliyeshika mayai.

Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Kulikuwa na wanawake walionong'onezana jikoni. Shemeji mmoja alihamisha kiti chake. Mzee fulani alisoma kijitabu, akakikunja, akaondoka kabla ya ibada kwisha. Nafula hakuketi mbele pamoja na wajukuu. Alichota maji na kuosha sufuria pamoja na wasichana wa boma tangu asubuhi, na wasichana hao hawakumfukuza.

Aliyepewa kazi ya kusoma wasifu alikuwa ni mjomba. Sisi tuliotoka Kitale tuliinamisha vichwa. Alisoma maisha ya marehemu, akasoma watoto, akafika kwenye wajukuu. Jina la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Nilihesabu moyoni hadi saba.

Akasoma kama ilivyoandikwa.

Hakumtazama Nafula, wala hakusema naye siku hiyo. Hata wakati wa kuagana hakumpa mkono. Sijui aliyafikiria nini katika sekunde zile saba, na pengine hata yeye hajui bado. Ila alisoma.

Juma lililofuata nilipita sokoni kununua sukuma wiki. Jirani yangu alikuwa kwenye meza yake ya nyanya kama kawaida. Mteja mmoja alimwita, "Mama Wafula, bei ni ngapi leo?" Akamjibu bei. Hakumsahihisha. Nilipofika mbele yake niliuliza kwa sauti ya chini nimwiteje sasa, maana sikutaka kumkosea.

Alinifungia nyanya, akaniongezea mbili za juu.

"Wewe uliyeandika," alisema, "unajua."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.